Tisa Ambayo Winny Hakujipa

Beldina, Mwalimu Caren ametoka darasani sasa hivi amechukizwa kabisa. Hata chai imemshinda!

Aliwaambia kidato cha pili wasahihishe insha zao wenyewe. Winny, yule mpole wa Kombewa, akajipa nne kwa kumi. Kando akaandika, "Hadithi yangu haina mwisho."

Msichana amejionea kosa lake mwenyewe!

Naibu mkuu wa shule akaingia, akafuta nne, akaandika tisa. Eti wazazi wanakuja kesho kuona alama.

Tisa, Beldina! Na huyo naibu hata mstari mmoja hakusoma! Caren alitamani kutema mate pale pale.

Ni Winny aliyesimama, akamgeukia naibu. "Mwalimu, hiyo tisa si yangu. Nirudishie nne yangu, nishaanza kuandika mwisho."