Ukuta Uliokuwa Mbichi

Cheyo, Tabora
30 Aprili 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa na dawa ya kuchua uliipata. Sisi huku hatujambo.

Simu unasema huisikii, basi barua hii nampa konda wa basi la Nzega. Baba, kule Kigwa, kando ya njia waliyopita wapagazi wa misafara, tumechimba tukakuta mavi ya chuma, yale masalia yanayobaki mawe yakishayeyushwa. Sasa tunataka kujenga tanuru kama la zamani na kuyeyusha wenyewe, tuone wazee walifanyaje. Watu wa Puge wanasema babu Masanja alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mbona hujawahi kunieleza? Njoo utuelekeze, nitakufuata na gari.

Mwanao,
Adelina


Puge
8 Mei 2023

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Dawa imefika, Mungu akubariki. Mahindi yamo ghalani, mwaka huu si haba.

Kuhusu tanuru, tafuta mtu mwingine. Mimi sina la kusema. Usinikasirikie.

Baba yako


Kigwa
29 Mei 2023

Baba,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sikukasirika. Tulijaribu bila wewe na tumeshindwa.

Tulivukuta tangu alfajiri, vijana wakipokezana mivukuto ya kupulizia moto. Jioni tukabomoa ukuta. Bonge jeusi limegandia chini, mabomba ya udongo ya kupitishia upepo yameziba, chuma hakuna. Mzee Twalibu, mhunzi anayewaongoza vijana, akanivuta pembeni.

“Mwanangu, usichukie,” akasema. “Tanuru halitaki mwanamke. Safari ijayo wewe kaa mjini, sisi tutakuletea chuma chako.”

Vijana wote walikuwa wanatazama chini. Baba, kazi hii nimeianzisha mimi. Lakini nimechoka, nadhani nitakubali.

Mwanao,
Adelina


Puge
2 Julai 2023

Adelina mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Usikubali.

Bibi yako Mektilda, mama yangu, hukumjua, na mimi mwenyewe nilimjua kidogo tu. Nilikuwa sijaanza hata shule. Mwaka ule baba alijenga tanuru mvua hazijaisha vizuri, maana watu walikuwa wanangoja majembe. Kijana aliyekuwa na zamu ya kuwapelekea mafundi uji akaugua, mama akaupeleka yeye. Walipobomoa wakakuta bonge jeusi, hilohilo unalolieleza. Wakasema ni yule mwanamke. Baba hakumtetea.

Asubuhi mama alifunga nguo zake, akanipaka mafuta kichwani, akarudi kwao Igunga. Sikumwona tena. Tangu hapo sijataka kusikia habari ya tanuru lolote.

Nijibu jambo moja. Ukuta wa tanuru lenu ulikuwa umekauka?

Baba yako


Kigwa
24 Julai 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama stendi, watu wakaniuliza kama nimefiwa.

Ukuta haukukauka. Tuliujenga mara tu baada ya mvua ya mwisho, tukawa na haraka. Nikaenda kwa Mzee Twalibu, nikamsimulia habari ya bibi.

“Aliondoka na nani?” akaniuliza.

“Peke yake.”

“Na mtoto?”

“Mtoto ndiye baba yangu.”

Akainuka, akaugusa ukuta mpya wa tanuru la pili kwa kiganja. “Huu tuuache ukauke sawasawa, unyevu usile moto,” akasema. “Kisha uwashe wewe mwenyewe.”

Nimewasha mimi, baba. Nimekaa pale mwanzo mpaka mwisho, mkaa na mawe nimemimina kwa mikono yangu, nywele za mbele zimeungua. Tulipobomoa, Mzee Twalibu akavuta kipande kwa koleo, akakigonga kwa nyundo. Hakikupasuka. Akagonga tena, kikalia mlio wa chuma. Vijana walishangilia mpaka watu wa relini wakaja kuuliza kuna nini. Yeye alinishika mkono tu, akasema, “Mwambie baba yako.”

Basi nakuambia.

Mwanao,
Adelina


Igunga
13 Agosti 2023

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke kuona natokea Igunga. Barua yako iliponifikia nilifunga mfuko nikapanda basi. Magoti yalilalamika, nikayaacha yalalamike.

Nimeuliza mpaka nimefika. Mama alifariki zamani. Lakini huku aliolewa tena akamzaa binti, Dafrosa, sasa ni bibi mwenye wajukuu. Alitoka uani mikono ina unga, akanitazama, akasema, “Wewe ni Kasimiri,” hata sijajitaja. Mama alikuwa akinitaja kila alipowapaka watoto mafuta.

Anasema mama akienda gulioni alizunguka mbali ili asipite penye banda la mhunzi. Ukimuuliza, anajibu, “Mimi naharibu chuma.” Aliamini hivyo mpaka anakufa, Adelina.

Nikamsimulia habari yako, tanuru la kwanza na la pili. Akataka nirudie. Nikarudia. Akauliza, “Na huyo binti alikuwepo muda wote?” Nikamwambia alikuwepo mpaka nywele zikaungua. Akanawa mikono, akavaa viatu, akasema, “Twende tukamwambie.”

Kaburi liko nyuma ya shamba la alizeti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini Dafrosa alinitangulia. Alipiga magoti, akaondoa majani kwa mkono, akasema taratibu kwa Kisukuma, kama mtu anayemwamsha mgonjwa: “Mama, hukuharibu kitu. Ukuta ulikuwa mbichi.”

Nitachelewa kurudi Puge. Dafrosa amekataa niondoke kabla hajakuona. Njoo, mwanangu, umwamkie shangazi yako.

Baba yako,
Kasimiri