Goti la Mjukuu, Vidole vya Bibi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafungasha virago, maana nyumba ya mwanangu imeanza kunikaa kooni. Mimi nilikuwa msusi, nikisuka wateja kutoka mitaa ya mbali, mpaka nilipovuka miaka arobaini baridi yabisi ikanishika vidole vya mikono yote miwili, asubuhi siwezi hata kufunga kifungo, na kwa kuwa nilichelewa kutibiwa vikapinda vikabaki hivyo, nikaacha kazi nikaja kukaa kwa mwanangu na mkewe na binti yao mdogo, tunayemwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika.

Sasa huyu Chiriku, yuko darasa la kwanza tu, alianza kuchechemea kila akiamka, goti moja limejaa kama mpira, lakini jua likipanda anaruka kamba na wenzake, tukasema kaanguka shuleni, baba yake akasema anadeka, wiki zikapita uvimbe uko palepale, ndipo hospitali wakasema ni yabisi ya watoto, nami nikaropoka sebuleni, “Basi ni ugonjwa wangu huuhuu, mtoto kaurithi,” kumbe kasimama mlangoni. Tangu hapo kanyamaza, tukila ananitazama mikono, na juzi nikihangaika kumfunga viatu akaniuliza, “Bibi, vidole vyangu vitapinda lini?” nikaingia jikoni nikalia.

Mkwe wangu akanifuata, akaniambia kwa heshima zote, “Mama, labda ungekaa kwa wifi yangu, binti yako, kwa muda, mtoto asiwe anaiona hiyo mikono.” Hakunitukana, ila liliniingia. Tena tumevutana kuhusu macho, kwa sababu daktari wa viungo aliagiza mtoto apelekwe kwa daktari wa macho, mimi nikasema ni kupoteza muda, miaka yote hii naumwa hakuna aliyenipima macho, na mtoto mwenyewe anaona hata sindano iliyoangukia kwenye zulia, basi mkwe akaahirisha. Na dawa ya mtoto inakaribia kuisha, nimeona jina kwenye pakiti ni lilelile la dawa yangu, nikawaza nimkatie nusu ya kwangu. Niambie, nihame? Na je, ni mimi niliyemletea?

Bibi wa Chiriku

Bibi, pole sana. Ila lipo jambo, la macho, ambalo halikuweza kungoja zamu ya barua yako gazetini, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile niliyoipokea. Ukaniambia, “Mwanangu, mtoto anaona vizuri tu,” nami nikakuomba unipe mkweo. Wasomaji wenye watoto kama Chiriku wajue kwa nini nilipandisha sauti.

Magonjwa yenu yanafanana kwa kuwa kwenu wote wawili kinga ya mwili imegeukia viungo vya mwili wenyewe. Tofauti zake ni kubwa. Wako ulikujia ukubwani, ukashika viungo vidogo vya mikono, kulia na kushoto. Yabisi ya watoto ina aina kadhaa, na ile inayoonekana zaidi hushika viungo vichache, mara nyingi goti. Mtoto hasemi anaumwa. Anachechemea asubuhi, kisha anacheza, na sisi tunamwita mdekaji. Vipimo vya damu vinavyoufichua ugonjwa kwa mtu mzima, kwa mtoto vinaweza visioneshe kitu. Na yeye bado anakua: goti lililovimba likiachwa, mguu mmoja unaweza kuupita mwingine urefu.

Kisha macho. Mtu mzima jicho likisumbuliwa na ugonjwa huu, kwa kawaida litakauka, litawasha au litauma, naye atajua. Kwa mtoto, uvimbe unaweza kujificha ndani ya jicho bila maumivu wala wekundu, ukala uwezo wa kuona huku yeye akikuokotea sindano. Daktari wa macho huuona kwa mashine yake, si wewe kwa kumtazama usoni.

Mkweo alimpeleka wiki hiyohiyo, akanipigia akiwa bado kwenye korido ya kliniki. “Jicho la kushoto uvimbe ndio kwanza unaanza,” alisema. “Wamempa matone. Wanasema tumewahi.” Mmewahi, Bibi, lakini kwa kuponea chupuchupu. Atarudi kupimwa kila atakapopangiwa, hata goti likipona.

Kuhusu dawa, usithubutu. Jina linaweza kuwa moja, lakini kipimo chake kinakwenda na uzito wa mtoto na majibu ya vipimo vya damu yake. Ikikaribia kuisha, mama yake arudi hospitali.

Hukumletea ugonjwa. Hauambukizi, na hakuna bibi anayemkabidhi mjukuu yabisi kama anavyomkabidhi kanga. Kosa lako ni lile la sebuleni, na utalirekebisha wewe mwenyewe. Usihame. Ukiondoka sasa, mtoto ataamini mikono yako inatisha kiasi cha kufichwa, na kwamba na yeye siku moja atafichwa.

Kaa naye mchana, mama yake akiwepo. Mwache aishike hiyo mikono. Mwambie hivi: wangu ulikuja nikiwa mkubwa, nikachelewa tiba, wako ni wa watoto, na umeanza dawa mapema. Mwambie watoto wengi hutulia, wengine huendelea kutibiwa hata ukubwani. Usimwapie kwamba atapona kabisa, maana hakuna anayelijua hilo leo. Na akikuuliza usilolijua, sema hujui, kisha siku ya kliniki nendeni wote watatu, yeye mwenyewe amuulize daktari.