Mvua Isiyokuwa Kwenye Atlasi

Kwa Kavugho, mudogo wangu,

Amani ya Bwana ikukute umeamka vizuri, wewe na batoto. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Na njia ya kwenda Butembo, mutu anapita bila kusimamishwa na wenye bunduki? Mimi ni muzima. Nyumba sina tena, lakini ni muzima.

Barua yako ilinifikia kabla ya maji. Unasema vita vimewachosha kule mulimani, umeona kiwanja cha kujenga Mutwanga, tambarare, karibu na mto, na umechagua chini kwa ajili ya magoti yangu yanayouma, siku nitakayorudi. Niliisoma mara nyingi. Sasa nisikilize.

Hapa Msumbiji ninakaa bara, mbali na bahari. Redio iliposema kimbunga kinakuja pwani, jirani yangu Joakimu, fundi wa matofali, alianza kuhamisha mbuzi wake. Mimi nilifungua atlasi niliyofundishia shuleni, nikapima kwa uzi, nikamwambia upepo utakufa njiani. Akaniamini kwa sababu nimesoma. Akawarudisha mbuzi zizini.

Upepo ulikufa kweli. Mvua yake haikufa. Ilinyesha siku nyingi kwenye milima ambayo hatuioni, na mto ukatujia huku jua likiwaka. Tulikaa siku mbili juu ya mabati ya shule. Joakimu alitazama mbuzi wake wakipita na maji, akasema polepole, “Mzee Kongo, kitabu chako kinaonyesha bahari. Hakionyeshi mvua.”

Afadhali angenitukana.

Watu wanasema zamani vimbunga viliishia pwani. Siku hizi vinaingia mbali zaidi, na safari hii maji yamefunika alama ya mafuriko ya zamani ambayo babake Joakimu alichonga kwenye ukuta wa kanisa. Pale juu ya mabati nilisali kwa Kinande chetu, kwa sauti. Hakuna aliyejua mahali pa kuitikia.

Mudogo wangu, mito ya Mutwanga inashuka toka milima ya Ruwenzori. Usitazame mawingu ya kwako tu. Uliza wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha upite hapo, upande juu zaidi, hata kama utachota maji mbali.

Unisalimie Mama, shemeji yangu fundi wa baiskeli, na shangazi anayeongoza kwaya.

Jenga juu. Nitapanda polepole.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Paluku