Mdogo Wangu Hakulia Mlangoni

Mpendwa Shangazi wa redioni, nisaidie kabla kichwa hakijanipasuka. Kwanza ujue unaandikiwa na mtu mzito: katika zahanati yetu halitoki jino bila idhini yangu. Shule niliiacha njiani, lakini leo walimu wakuu husimama mbele yangu mikono nyuma kama wanafunzi waliochelewa. Mimi ndiye bawabu wa chumba cha meno.

Sasa shida, Shangazi. Daktari wa meno wa serikali ni mama mmoja tu kwa shule zote za huku, kwetu huja Jumanne na adhuhuri gari humpeleka kwingine, na watoto huletwa darasa zima zima mpaka wanajaa kwenye ngazi, na muuguzi aliyekuwa akiwachungulia vinywa amehamishwa na hajaletwa mwingine, basi nikajipa cheo, nikaweka sheria kwamba anayelia ndiye anayeumwa, aingie kwanza. Watoto si wajinga, wakaanza kulia tangu getini, hata wenye meno kama ya tangazo la dawa ya mswaki.

Jumanne iliyopita likaja darasa la mdogo wangu wa kike. Wenzake wakaangua kilio cha msiba, yeye katulia tuli. Gari likapiga honi, daktari akaondoka, mdogo wangu bado yuko kwenye benchi. Sasa shavu limevimba mpaka jicho limebaki mstari, hata uji unamshinda, na mama anasema daktari ni katili, wiki hii anakwenda na wazazi wenzake ofisini kudai aondolewe. Nikimtetea, mama anauliza kanihonga nini. Nikinyamaza, tutamkosa hata huyo mmoja. Sijui nimlaumu nani, serikali, muuguzi, au hao waliojifunza kulia.

Haya, niseme tu. Alinivuta shati pale mlangoni akaninong'oneza, "Kaka, linauma mpaka sikioni." Nikamwambia dada wa bawabu halii, asiniaibishe, akakae mwisho.

Bawabu Mkuu

*

Wewe Bawabu Mkuu,

Hilo la mwisho ndilo ungeanza nalo. Daktari mmoja kwa shule zote si kosa lako, na pengo la muuguzi hukulichimba wewe. Ila umeliziba kwa kiburi. Nani alikwambia maumivu hupimwa kwa sauti? Usaha haupigi kelele, mwanangu.

Zima redio. Uvimbe uliofika jichoni haungoji Jumanne. Mpeleke mtoto hospitali kubwa sasa hivi, mbebe mwenyewe, na mama yako awepo. Njiani mweleze mama yote uliyonieleza, mtoto akisikia, maana anakutunzia siri huku anaumwa. Mama atakuchamba, inamisha kichwa. Akishapoa, mwende wote ofisini, na badala ya kudai daktari aondolewe, mdai muuguzi aletwe. Mpaka aje, kila mtoto aulizwe anaumwa wapi, na jibu alisikie daktari, si wewe.

Kisha mwombe mdogo wako radhi. Asipokujibu usimkazanie. Kinywa bado kinamuuma.