Meli ya Mbavu Zangu

Dada yangu mpenzi,

Mwanao amemng'ata askari. Sasa hivi, hapa hapa mbele yangu, kwenye kiganja, kwa yale meno yake ya mbele yenye mwanya, mpaka mtu mzima wa watu akapiga yowe na ukumbi mzima ukageuka. Hakuitwa Sisimizi bure. Sasa amekaa mapajani kwangu ananyonya kidole kama si yeye. Askari anapuliza mkono wake huku ananitazama kwa huruma. Nimemwomba radhi, halafu nikamwomba kalamu, akanipa. Karatasi ndiyo hii, nyuma ya ratiba ya meli, kwa hiyo usishangae kuona picha za samaki upande wa pili.

Hujambo lakini? Shemeji mzee hajambo, na mguu wake umepona? Watoto wanasoma, au bado yule wa pili anajificha chooni wakati wa hesabu? Sisi ni wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua. Nakuandikia kutoka bandarini, kwenye ukumbi wa abiria, na Baba Sisimizi hayupo hapa tulipokaa. Yuko nyuma ya mlango wa chuma, kwa askari. Nitafika huko. Univumilie tu, unajua mimi nikisimulia jambo huwa naanzia mkiani.

Ulipokuja kwetu mara ya mwisho ulisifia vyombo. Ulisema, mdogo wangu umepata mume anayejali, angalia friji, angalia kabati la vioo, angalia cherehani ya umeme. Nikacheka, nikakuongezea chai. Dada, friji ni taya. Alinipiga kiwiko nikawa nakunywa uji kwa mrija, akaenda akaleta friji. Cherehani ni ule mkono niliokwambia niliteleza bafuni. Kabati la vioo ni ile mimba uliyoambiwa imetoka yenyewe. Ndivyo alivyo, kila kipigo kikubwa kina zawadi yake, na zawadi huingia ndani kabla uvimbe haujashuka. Siku ile uliposimama katikati ya sebule ukishangaa, ulikuwa unautazama mwili wangu.

Na meli ni mbavu. Mbavu za kushoto, alizikanyaga akiwa na yale mabuti yake meupe ya bucha, kwa sababu mteja mmoja alisema mbele yake kwamba mke wa mchinjaji ana kicheko kizuri. Nikiwa nimelala hospitali alikuja na karatasi ya wakala wa safari, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia machozi ya kweli kabisa. Akasema nitapanda meli, kama ile niliyokuwa naikodolea macho kwenye kalenda ya saluni, mimi na yeye na mtoto, wiki nzima juu ya maji, tunakula tunalala. Nami, usinicheke, nilifurahi. Kucheka nilikuwa siwezi kwa maumivu, lakini moyoni nilifurahi kama mtoto.

Mipango yote akaniachia mimi. Yeye makaratasi hayawezi, alisema wewe uliyefika darasa la saba pambana nayo. Basi nikapambana. Nilikuwa naenda kwa msichana wa wakala, mwembamba, ana kucha ndefu kama vijiko, ananisomea taratibu na mimi narudia mpaka nashika. Nilijua kwamba sanduku kubwa unalikabidhi kwa wapagazi hapa bandarini na hulioni tena mpaka mlangoni kwa chumba chako melini, kwa hiyo dawa za mtoto na nguo zake za kubadilisha zikae kwenye mkoba wa mkononi. Nilijua tuje mjini kabla ya siku yenyewe, tulale hotelini, kwa sababu barabara zina mambo yake na meli haimsubiri mtu hata awe nani. Nilijua kuulizia jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto mapema. Nilimnunulia Sisimizi kofia na viatu visivyoteleza, na kila jioni nilimtembeza juu ya godoro ayazoee mawimbi. Alikuwa anaanguka anacheka, anasema mama bahari imenipiga. Nilikuwa nasema, mwanangu, bahari haipigi watu, inawabeba tu.

Tulifika mjini juzi. Hapo hapo kwenye mlango wa hoteli, dereva wa teksi alinifungulia mlango wa gari akaniambia karibu mama, pole na safari. Maneno hayo tu. Baba Sisimizi alimshika kisogo akaubamiza uso wake kwenye ukingo wa mlango ule ule, mara mbili, halafu akamwambia awe anachagua wa kumkaribisha. Damu iliruka mpaka kwenye kofia mpya ya mtoto. Niliifua kwenye sinki la hoteli, haikutoka yote.

Asubuhi yake kwenye chai, mpishi aliniuliza nataka mayai yangu vipi. Nikamjibu, na nadhani nilitabasamu, maana sijawahi kuulizwa na mtu yai langu nalitaka vipi. Tulipokaa nikasikia uma unaingia pajani, chini ya meza, taratibu, huku Baba Sisimizi anamuuliza mtoto kama mkate ni mtamu. Mtoto akasema mtamu. Na mimi nikasema mtamu.

Lakini hayo nayajua, dada, hayo ningeyameza. Lililonitoa ganzi ni la roshani. Chumba chetu kilikuwa juu kabisa, bahari yote iko chini yako, na jana saa za alasiri tukaiona meli yetu inaingia, nyeupe, kama jengo lililoamua kutembea. Nikapiga makofi. Yeye akaja nyuma yangu, akanishika shingo, akaniinamisha juu ya chuma mpaka miguu ikaachana na sakafu. Akaniambia sikioni, polepole, kama anavyosema mtu maneno ya mapenzi, kwamba niangalie maji yalivyo mengi, na kwamba kule hakuna jirani wa kugonga ukuta. Halafu akanishusha akacheka, akasema mke wangu hujui utani.

Sisimizi alikuwa anatazama. Akaja mbio amenyoosha mikono, anasema na mimi baba, na mimi nipandishe. Naye akainama kumchukua.

Nikasema amejikojolea. Sikujua nimeyatoa wapi. Nikasema usimshike atakuchafua shati, nikamnyakua nikajifungia naye bafuni, nikafungua maji yote. Nilikaa kwenye beseni la kuogea nimemkumbatia mtoto mkavu kabisa. Ndipo nikaelewa. Siku zote kipigo kinatangulia, zawadi inafuata. Safari hii zawadi ya mbavu imetangulia mbele ya kipigo kingine kikubwa zaidi, nacho kinatungoja huko majini, wote wawili.

Leo asubuhi alipanga sanduku mwenyewe. Sasa hapa inabidi nikueleze jambo la kazi yake. Wale watu wa bucha waliofundishwa kizamani wana mwiko, kisu cha mtu hakiguswi na mkono wa mwingine. Anasema mkono wa pili ukishika, makali yanakimbia na hayarudi. Hiyo aliipata kwa fundi wake kwa kuchapwa na ubapa wa panga. Ndiyo maana akifunga bucha visu havibaki, anakwenda navyo, msibani navyo, harusini navyo, hata siku aliyonipeleka kujifungua vilikuwa kwenye kiti cha mbele na mimi nyuma. Mimi mke wake sijawahi kuvifuta hata vumbi. Basi akavizungushia turubai lake, na kinoo, akavilaza chini kabisa ya sanduku kama mtu analaza mtoto, juu yake akapanga nguo zetu.

Tulipofika hapa wapagazi wakalichukua sanduku likaingia kwenye mashine. Hatujakaa sawa, tukaitwa mezani. Kijana mmoja wa ulinzi, hana hata ndevu, alikuwa ameshalifungua turubai. Baba Sisimizi akamwambia kwa upole tu, usiguse, kijana. Kijana akacheka, akawauliza wenzake huyu mchinjaji anakwenda likizo au anakwenda kuchinja papa. Watu kwenye foleni wakacheka. Nadhani kicheko kile kilimpa moyo, maana alikichomoa kile kirefu chembamba cha kutolea mifupa, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akapiga mluzi.

Sijui nikuandikieje. Baba Sisimizi alimvuta kwa nywele akampigiza uso kwenye kona ya meza, na pua ilitoa mlio ule ule ninaousikia buchani anapotenganisha paja na nyonga. Akampigiza tena. Kijana alikuwa ameshalegea, yeye bado anapigiza. Askari wa pili alikuja na rungu, akanyang'anywa, akavunjwa mkono nalo, niliuona umekunjika mahali pasipo na kiwiko. Na muda wote huo mkono wa kushoto ulikuwa umevikumbatia visu kifuani, anapigana kwa mkono mmoja. Wanawake wanapiga mayowe, masanduku yanaanguka, mtu amekanyaga damu akateleza. Walimwangusha kwa kumpiga magotini, wakaja wengi, wakamlalia, uso wake ukasuguliwa sakafuni mpaka nikaona jino limebaki peke yake kwenye vigae. Ndipo huyu askari wa kiganja akataka kumbeba Sisimizi asiyaone, na Sisimizi akamng'ata, kwa sababu alikuwa anataka kwenda kwa baba yake. Anampenda, dada. Hilo nalo sijui nilifanyeje.

Na mimi? Mimi nilikaa. Sikusimama wala sikulia. Nilitazama kama mtu anayetazama mvua dirishani.

Amekuja afande mmoja wa kike, mtu mzima, sauti yake ya taratibu. Amesema mume wangu hatatoka leo, kijana amekimbizwa hospitali hajazinduka. Amesema tiketi yangu na ya mtoto hazina tatizo, meli bado ipo, nikitaka nipande, nisipotaka nikae niandikishe maelezo. Halafu akainama karibu akaniuliza kama mume wangu alikuwa anajua kwamba visu haviruhusiwi. Nikamwambia anipe muda kidogo nitulize mtoto.

Dada, sasa nakwambia wewe, na baada yako simwambii mtu. Msichana wa wakala alinisomea, tena alirudia, kwamba kitu chochote chenye makali kinatolewa kwenye sanduku na mwenyewe anaitwa, hata kiwe kisu cha kumenyea chungwa. Leo asubuhi, wakati anakunja turubai, Baba Sisimizi aliniuliza makaratasi yangu yanasemaje kuhusu visu. Nikamjibu wamesema vya kazi vinaruhusiwa, ila uvifunge vizuri. Sikupepesa macho. Ukiacha lile la mkojo jana, tangu anioe sijawahi kumdanganya, hata kuhusu chumvi, kwa hiyo aliamini. Nilichotaka ni wamzuie tu, wamrudishe, meli ituache. Nilijua watavishika. Nilijua na yeye atafanya nini akiona vimeshikwa. Ila kijana yule sikumwona kichwani mwangu, niliona meza tu na sare. Naye ana mama, leo ataambiwa. Hilo nitalibeba mpaka nife, wala sitaki unitulize.

Na Baba Sisimizi huko ndani bado hajashtukia uongo wangu. Anapiga kelele, namsikia kutoka hapa. Anawaambia mke wangu shule yake ndogo, amesoma vibaya, mleteni aseme mwenyewe kwamba amekosea. Ananiita, Mama Sisimizi, njoo uwaambie. Anajua nitakwenda, maana nimekuwa nakwenda kila alipoita.

Siendi. Nimeangalia ratiba, meli inazunguka visiwa kwanza, halafu inatia nanga hapo kwenu asubuhi ya siku ya tano. Huyu askari wetu amekubali kuipeleka barua hii kwenye basi la leo, kwa hiyo itanitangulia. Simu yangu Baba Sisimizi aliipasua ukutani na namba yako ikaenda nayo, usinitafute huko. Tutashuka na mkoba wa mkononi tu kama watalii wanaokwenda kuzungukazunguka, na haturudi ndani. Cherehani najua, hata ya kukanyaga kwa mguu naiweza, sitakuwa mzigo kwako. Mtoto anakula kila kitu. Na akiuliza baba yuko wapi, tutakaa mimi na wewe tutafute la kumwambia, kichwa changu peke yake hakitoshi.

Nisalimie sana shemeji mzee, mwambie nakuja kumkanda huo mguu. Watoto waambie wasogeane kitandani, mdogo wao yupo njiani. Wewe mwenyewe nakusalimu kwa mikono miwili, dada yangu, mama yangu, ni mimi mdogo wako wa

Wananiita. Wanataja namba ya chumba chetu kwenye kipaza sauti, abiria wa mwisho, na kule mlangoni na yeye ananiita, wote kwa pamoja, mtoto anageuza shingo huku na huku. Nimeshambeba. Naandika nimesimama, naelekea kwenye ngazi, dada, uje mapema kabla hawajateremsha watu, na ukituona usilie mbele ya mtoto, wewe mchukue tu halafu