Miche Mikubwa Aliyoing'oa Baba

Wadogo zangu,

Chai iko kwenye chupa. Wewe kitindamimba, kikombe chako uoshe mwenyewe.

Kabichi za Kichina mzimwagilie kwenye shina, si juu ya majani, mtaziozesha. Mkiona matundu, tafuteni viwavi kwa mkono. Zikifunga vichwa vizuri, kateni, msingoje zitoe maua.

Jana nilimwomba baba apunguze miche iliyosongamana. Asubuhi hii nakuta ameng'oa mikubwa, ameacha ile dhaifu! Nikamuuliza, “Baba, sasa ndiyo nini?” Akasema, “Hii midogo ningeing'oa ingekufa, mwanangu. Mikubwa itajiweza popote.”

Ndiyo maneno yale yale aliyoniambia juzi, aliponitaka nihamie kwa shangazi kwa kuwa chumba kimetubana.

~~Mwambieni sitaki kwenda.~~ Msimwambie kitu.

Ile mikubwa nimeipanda tena nyuma ya jiko. Mchana italala chini, msiitupe, ni jua tu. Ifunikeni kwa gunia.

Ikisimama, nipigieni simu. Isiposimama, nipigieni vilevile, mniambie imesimama.

Dada yenu mkubwa