Viatu vya Petro

Jang'ombe, Jumanne usiku, 1968

Vile viatu vyeusi havinitoki kichwani. Leo alasiri tumemzika mume wangu, na badala ya kumlilia yeye, nnawaza viatu.

Shemeji ndiye aliyeng'ang'ania. "Kaka yangu hazikwi miguu mitupu kama mtu asiye na kwao. Mvalisheni vya kanisani." Vilimbana Petro tangu siku alipovinunua Darajani, kila Jumapili alivivua njiani kabla hajafika nyumbani. Nlitaka kukataa, lakini nkavileta. Tukavisukuma mpaka vikaingia.

Jirani yangu Bi Zuhura, ambaye kwao maiti huvikwa sanda tu, alipochungulia jeneza aliniuliza taratibu, "Mwenzangu, viatu vya nini tena huko?"

"Sisi twaamini atafufuka, Bi Zuhura."

Akaitazama ile miguu. "Basi si mngempa makubazi yake?"

Nlimkasirikia, kwa sababu alisema kweli.

Nshalala, nshaamka, nshasali, wapi. Padri kasema maneno mazuri makaburini, sikushika hata moja. Naogopa kuwa miaka yote hii nlikuwa nakariri tu, na imani yenyewe...

Lakini kama siamini kuwa Petro atasimama tena, mbona nnaihurumia miguu yake?